Kompyuta ya hospitali ilinyamaza: upungufu wa G6PD uandikwe wapi ili onyo litokee?

Swali: "Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Tukuyu. Mwanangu wa kiume ana miaka sita. Mwaka jana wakati wa likizo alikuwa kwa bibi yake Kyela, akaugua UTI, akanunuliwa nitrofurantoini dukani. Siku ya tatu mkojo ukawa mweusi kama kola, macho yakawa ya njano, akaishiwa nguvu. Alilazwa Mbeya, akaongezewa damu. Miezi minne baadaye alipimwa, tukaambiwa ana upungufu wa G6PD na kwamba imeshaingizwa kwenye kompyuta. Mwezi uliopita UTI ilirudi, tukaenda hospitali nyingine, daktari akaandika dawa ileile na kompyuta haikusema chochote. Niliigundua mwenyewe dirishani nilipoona jina kwenye pakiti. Je, kompyuta haikupaswa kukataa? Jirani yangu muuguzi anashauri tuseme ana 'mzio wa salfa' kila tunapokwenda, ili wawe waangalifu. Na mimi nina ujauzito wa miezi mitano; je, mtoto ajaye naye aandikiwe onyo hilo?"

Pole sana, Mwalimu, na hongera kwa kusoma pakiti kabla hujaondoka dirishani. Unataka kujua mambo matatu: kwa nini onyo halikutokea, kama kusema "mzio wa salfa" kutasaidia, na la kufanya kuhusu mtoto aliye tumboni. Nianze na la kompyuta, maana ndilo linalowachanganya hata watumishi wa afya.

Hospitali ya pili ilinyamaza kwa sababu haikuwa na habari za mwanao. Neno "imeshaingizwa kwenye kompyuta" watu wengi hulielewa kwamba taarifa sasa iko kila mahali. Vituo vingi vya serikali hutumia mfumo wa kompyuta uitwao GoTHoMIS, hospitali za misheni na za binafsi zina mifumo yake, na mtoto akifika mahali papya hupewa namba mpya ya faili. Chukulieni kwamba kilichoandikwa Mbeya kimebaki Mbeya mpaka mtu akipeleke kwingine. Kuna jambo la pili ambalo huenda hukulitarajia: hata mngerudi hospitali ileile ya kwanza, inawezekana kabisa onyo lisingetokea.

Onyo la dawa linategemea vitu vitatu. Cha kwanza ni taarifa ya mgonjwa iliyochaguliwa kwenye orodha ya mfumo na kuhifadhiwa kwa msimbo. Kwa hali ya mwanao, msimbo wa ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, ni D55.0, yaani upungufu wa damu unaotokana na kasoro ya G6PD, kimeng'enya nitakachokieleza hapa chini. Cha pili ni dawa, nayo ikiwa na msimbo wake. Kwenye ATC, orodha ya dawa ya Shirika la Afya Duniani, nitrofurantoini ni J01XE01. Cha tatu ni kanuni inayoviunganisha: mwenye hiki asipewe kile. Kikikosekana kimoja, daktari anaandika dawa na skrini haisemi kitu. Daktari wa Mbeya huenda aliandika kwenye maelezo ya faili sentensi iliyonyooka kabisa, "ana upungufu wa G6PD, asipewe nitrofurantoini". Mtu akifungua ukurasa huo ataielewa. Mfumo wenyewe hauna habari nayo, maana maelezo yaliyoandikwa kwa sentensi za kawaida, bila msimbo, haulinganishi na chochote.

Tena mifumo mingi, ikiwa inakagua dawa hata kidogo, hukagua dawa dhidi ya mzio, au dawa dhidi ya dawa nyingine. Ukaguzi wa dawa dhidi ya ugonjwa au hali ya mwili huja mwisho, na mara nyingi haujawashwa au haujajazwa kanuni. Hapo ndipo watu wa G6PD wanapopotelea, maana hali yao si mzio.

Tofauti hii ina maana kubwa kwenye uandishi wa rekodi, kwa hiyo niieleze. Mzio ni kazi ya kinga ya mwili: mwili umeitambua dawa kama adui, na mara ijayo hata kiasi kidogo kinaweza kuleta vipele, kuvimba uso au kubanwa pumzi. Mwenye mzio wa penisilini huwa tunamhofia pia kwa ndugu wa penisilini, kwa sababu zinafanana kwa umbo. Kompyuta inaweza kufanya kazi hiyo vizuri: ikiambiwa "penisilini", inazuia na amoksilini.

Upungufu wa G6PD ni kitu kingine. G6PD, kwa kirefu glukosi-6-fosfeti dihaidrojinesi, ni kimeng'enya kinachoilinda chembe nyekundu ya damu isiunguzwe na kemikali zenye oksijeni kali. Seli nyingine za mwili zina njia za akiba za kujilinda. Chembe nyekundu, iliyokwisha kupoteza kiini chake, inategemea njia hii moja. Dawa kama nitrofurantoini ikiingia, himoglobini huharibika, utando wa chembe hudhoofika, chembe hupasuka. Ndiyo maana kwa mwanao mambo hayakutokea papo hapo. Kwa kawaida dalili huanza kati ya saa 24 na 72 baada ya dozi ya kwanza: mkojo mweusi ni himoglobini iliyomwagika, macho ya njano ni mabaki yake. Ukali hutegemea kiasi cha dawa na kiasi cha kimeng'enya alichonacho mtu. Na dawa zinazoleta madhara haya hazina undugu wowote wa umbo. Primakwini ni ya malaria, dapsoni ya ukoma, nitrofurantoini ya njia ya mkojo, methilini bluu ya sumu fulani za damu, rasburikesi hutumiwa kwa wagonjwa wa saratani. Sehemu ya mzio, iliyozoea kubahatisha kwa ukoo wa dawa, haiwezi kuziona zote hizi kama kundi moja.

Sasa ushauri wa jirani yako. Nia yake ni njema, ila usiufuate. Andika "mzio wa salfa" na kompyuta itazuia septrini. Nitrofurantoini haina salfa, kwa hiyo dawa ileile iliyomlaza mwanao itapita bila kizuizi. Primakwini itapita. Methilini bluu itapita. Utakuwa umefunga dirisha na kuacha mlango wazi. Tena septrini kwa dozi za kawaida haimo kwenye kundi la hatari ya juu kwa mwenye G6PD pungufu. Ni dawa ya kutumia kwa uangalizi, na siku moja anaweza kuihitaji kweli. Lebo ya mzio ikishaingia kwenye faili ni kazi kuitoa. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba katika kila watu kumi walioandikwa wana mzio wa penisilini, tisa au zaidi wakipimwa ipasavyo hukutwa hawana, lakini kwa miaka wamekuwa wakipewa dawa za ghali zaidi na zisizowafaa sana. Taarifa ya uongo kwenye rekodi, hata ya kujilinda, huja kumdhuru mgonjwa pale ambapo wewe hupo kueleza.

Kuna kasoro nyingine ya mifumo yetu ambayo wewe kama mwalimu utaielewa haraka. Utambuzi wa ugonjwa mara nyingi huandikwa ndani ya hudhurio la siku ile, kama alama ya daftari la mahudhurio: ni kweli ya Jumanne, na Jumatano ukurasa ni mpya. Kinachotakiwa ni ile fomu ya kudumu ya mwanafunzi, inayobaki hata akibadili darasa. Kwenye mfumo wa hospitali, fomu hiyo huitwa kwa majina tofauti: orodha ya matatizo ya kudumu, magonjwa sugu, tahadhari za mgonjwa. D55.0 ikiwa imeandikwa kwenye hudhurio la siku moja pekee, pengine hasa kwa ajili ya kujaza fomu ya bima, haitajitokeza miezi sita baadaye mtoto akija na kikohozi.

Kabla hamjaandikisha chochote cha kudumu, hakikisheni kipimo. Hapa mmebahatika, au daktari wenu anajua kazi. Kipimo cha G6PD kikifanywa wakati chembe zinavunjika, au siku chache baadaye, kinaweza kutoa jibu la "kawaida" kwa mtu mwenye upungufu. Chembe kuukuu zenye kimeng'enya kidogo zimekwisha kufa, na zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya kingi. Damu ya kuongezewa nayo inaleta chembe za mtu mwingine. Chembe nyekundu huishi kama siku 120, hivyo kusubiri angalau miezi mitatu ni sahihi, na ninyi mlisubiri minne. Ombeni nakala ya jibu yenye tarehe, jina la maabara na aina ya kipimo. Kile cha doa linalong'aa kwa mwanga hutambua wenye upungufu mkubwa, chini ya takriban asilimia 30 ya kiwango cha kawaida. Kile cha namba hutoa kiasi kwa kila gramu ya himoglobini. Vyote vinafaa. Kinachotakiwa kwenye rekodi ni kwamba hali imepimwa, si kudhaniwa.

Sasa nendeni hospitali mnayoitumia zaidi, siku isiyo na foleni kubwa, na mwombe kuonana na mfamasia au daktari wa watoto. Mapokezi na masijala hawana ruhusa ya kuandika haya, na wakiyaandika watayaweka kwenye nafasi ya maelezo. Ombeni mambo haya kwa maneno ya moja kwa moja.

Kwanza, D55.0 iwekwe kwenye orodha ya kudumu, pamoja na tarehe ya kipimo. Pili, kilichotokea Kyela kiandikwe kwenye sehemu ya madhara ya dawa: dawa ni nitrofurantoini, tukio ni kuvunjika kwa chembe nyekundu kulikohitaji kuongezewa damu, mwezi na mwaka, ukali ni mkubwa. Mfumo ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya "mzio" na "kutovumilia", lichaguliwe la pili. Viwango vya kimataifa vya kubadilishana taarifa, kama HL7 FHIR, vinatenganisha aina hizo mbili, na vinatenganisha zote na hali ya ugonjwa na bendera ya tahadhari. Tatu, kama mfumo una bendera inayoonekana juu ya skrini kila faili linapofunguliwa, iwekwe hapo kwa maneno machache: "G6PD PUNGUFU, angalia dawa".

Vipi kama mfumo una sehemu ya mzio peke yake, na hakuna kingine? Hali hiyo ipo, na hapa wataalamu hutofautiana. Wengine husema tusiichafue sehemu ya mzio na vitu visivyo mzio. Mimi naona ulinzi wa mtoto unatangulia usafi wa orodha: dawa za hatari ya juu ziingizwe pale moja moja kwa jina la dawa yenyewe, na kwenye nafasi ya maelezo ya kila moja iandikwe "si mzio; upungufu wa G6PD, kipimo cha tarehe fulani". Kuandika neno "G6PD" peke yake kwenye sehemu ya mzio hakuna maana. Mfumo hautapata dawa yenye jina hilo ya kulinganisha nayo.

Kisha ombeni kitu ambacho wengi hawakiombi: jaribio. Mfamasia afungue faili la mtoto, aanze kuandika nitrofurantoini kana kwamba anaagiza, aone kama onyo linatokea, halafu afute kabla ya kuhifadhi. Ni kazi ya dakika mbili. Lisipotokea, mtajua mapema kwamba ulinzi wenu upo kwenye karatasi na midomoni mwenu tu, na mfamasia atakuwa na la kuwapelekea watu wa TEHAMA.

Kwa wafamasia na watu wa TEHAMA wanaosoma hapa, niongeze maneno kidogo. Mwalimu, utaniwia radhi. Msishawishike kuziwekea onyo dawa zote zilizowahi kutajwa pamoja na G6PD. Orodha ndefu za mtandaoni huweka hadi parasetamo na aspirini. Mapitio ya tafiti yamekuta madaktari hupuuza kati ya asilimia 49 na 96 ya maonyo ya dawa, na sababu kubwa ni wingi wa maonyo yasiyo na uzito. Zuio kali, linalotaka sababu iandikwe kabla ya kuendelea, liwe kwa dawa chache: dapsoni, primakwini ya dozi za kila siku, tafenokwini, nitrofurantoini, methilini bluu, rasburikesi, fenazopiridini. Onyo jepesi linatosha kwa asidi ya nalidiksiki, siprofloksasini na septrini. Parasetamo kwa dozi sahihi ya uzito isiwe na onyo lolote. Kwenye primakwini mkumbuke kwamba dozi moja ndogo ya 0.25 mg kwa kilo, ya kuzuia malaria ya aina ya falsiparamu kusambaa, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2012 bila sharti la kupima G6PD. Kanuni isiyotofautisha dozi itawagombanisha na mwongozo.

Kanuni ifungwe kwenye kiambato, kamwe isifungwe kwenye jina la kibiashara au namba ya stoo. Hapa ndipo mifumo mingi huvuja. Dawa ikikosekana Bohari ya Dawa, kituo hununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeidhinishwa. Inakuja yenye jina jingine la kampuni, mtunza stoo anaisajili kama bidhaa mpya, haiwekewi msimbo wa ATC, na tangu siku hiyo kanuni haiitambui. Mwezi mzima dawa inatoka bila onyo na hakuna anayejua. Kila bidhaa mpya inaposajiliwa, kiambato kiwe sehemu ya lazima kujazwa. Na maneno ya onyo yaseme hatari pamoja na njia ya kutokea, kwa mfano: "G6PD pungufu. Nitrofurantoini huvunja chembe nyekundu. Fikiria sefaleksini au kulingana na majibu ya mkojo." Daktari mwenye wagonjwa sitini nje ya mlango anahitaji kujua aandike nini badala yake, akiambiwa "hatari!" tupu atabonyeza endelea.

Turudi kwako, Mwalimu. Hata hayo yote yakifanyika, umeme hukatika na mtandao hulala, na daktari hurudi kwenye karatasi. Zaidi ya hapo, dawa iliyomuumiza mwanao ilinunuliwa dukani. Maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianzia hapa jirani mkoani Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza dawa karibu na watu hadi vijijini, lakini muuzaji wa pale hana namna ya kuliona faili la hospitali. Kwa hiyo kadi ya mfukoni ndiyo chombo kinachovuka mipaka yote. Iwe ya ukubwa wa kitambulisho, ilaminishwe, nakala ziwe nne: moja kwako, moja kwenye begi la shule, moja kwa bibi Kyela, moja imebanwa ndani ya daftari la kliniki. Ya bibi ndiyo muhimu kuliko zote. Tukuyu na Makete malaria si nyingi. Joto la Kyela na mabonde ya ziwa ndiko mtoto atakakougua homa, na ndiko dawa zitakakonunuliwa wewe ukiwa mbali.

Kwenye kadi andikeni jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, maneno "UPUNGUFU WA G6PD (D55.0), umepimwa" na tarehe, kundi la damu, dawa zile saba za zuio kali kwa tahajia ileile inayokuwa kwenye boksi, tukio la nitrofurantoini, na namba ya simu ya mzazi. Upande wa pili andikeni zinazoruhusiwa, maana hofu nayo huua: dawa mseto ya malaria (ALu), parasetamo, amoksilini. Dawa za minyoo na kichocho zinazotolewa shuleni, albendazo na prazikwanteli, hazimo kwenye orodha ya hatari. Usimwondoe mwanao kwenye mstari siku hiyo. Jina liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyesajiliwa Ambakisye leo na Ambakise kesho ana mafaili mawili, na onyo lipo kwenye moja tu. Mkikuta ana namba mbili hospitali moja, waombeni masijala wayaunganishe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuona taarifa zenu na kuomba zirekebishwe, hivyo usione kama unasumbua. Ombeni pia kwamba tukio la Kyela liripotiwe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa ile fomu ya njano ya madhara ya dawa, kama halikuripotiwa.

Niguse mambo mawili yanayoingizwa kwenye rekodi kimakosa. Ukisoma mtandaoni utakuta kwamba wenye G6PD pungufu wasile maharage. Yanayosemwa ni maharage mapana ya fava, mmea tofauti kabisa. Maharage ya Mbeya unayopika kila siku hayahusiki, mtoto ale ashibe. Kinachohusika zaidi majumbani mwetu ni vidonge vyeupe vya nafthalini vinavyowekwa kwenye masanduku ya nguo kufukuza wadudu: mvuke wake unaweza kuvunja chembe, hasa kwa mtoto mchanga anayefungwa kwenye blanketi lililohifadhiwa navyo. La pili ni sindano ya atesuneti kwa malaria kali. Inaweza kufuatiwa na upungufu wa damu wiki moja hadi nne baadaye, na hilo huwapata hata wenye G6PD kamili. Likitokea lipimwe na lifuatiliwe, ila lisiandikwe kama tukio la G6PD, na sindano hiyo isikataliwe mtoto akiihitaji. Inaokoa maisha.

Kuna wakati wa kuacha kusoma na kwenda hospitali. Mkojo ukigeuka rangi ya kola au chai nzito, macho yakawa ya njano, viganja vikapauka, mtoto akahema haraka, moyo ukadunda kasi au akawa mzito kuamka: acheni dawa aliyokuwa akitumia, chukueni pakiti yake na kadi, nendeni siku hiyohiyo, usiku usiwazuie. Akaangaliwe wingi wa damu na mkojo. Homa yenyewe bila dawa yoyote inaweza kuanzisha tatizo hili kwa mwenye upungufu, kwa hiyo msingoje mpaka mjue dawa gani ilihusika. Na UTI iliyorudi kwa mvulana wa miaka sita inataka uchunguzi wa ana kwa ana, pamoja na kuotesha mkojo na pengine kipimo cha ultrasaundi. Hilo kadi na kompyuta havilitatui.

Sasa ujauzito wako. Kasoro hii hukaa kwenye kromosomu ya X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama. Kwa hiyo inawezekana sana kwamba wewe unaibeba kwenye X yako moja. Mtoto ajaye akiwa wa kiume, na wewe ukiwa mbebaji, nafasi ya kuipata ni nusu kwa nusu. Akiwa wa kike, nusu kwa nusu atakuwa mbebaji, na wabebaji wengine huwa na upungufu wa kutosha kuwadhuru. Hiyo haitoshi kumwandikia onyo kabla hajapimwa. Kinachofaa kuandikwa kwake, na hata kwa dada na kaka zake, ni "historia ya familia ya upungufu wa G6PD, bado hajapimwa", halafu apimwe na maneno hayo yabadilishwe kulingana na jibu. Onyo la kunakili kutoka kwa kaka ni mzio wa salfa wa jirani yako kwa sura nyingine.

Wewe mwenyewe omba upimwe sasa. Wajawazito hupata UTI mara kwa mara na nitrofurantoini ni kati ya dawa za kwanza wanazoandikiwa. Tena karibu na kujifungua haifai kwa mjamzito yeyote, kwa kuwa inaweza kuvunja damu ya mtoto mchanga. Mpaka jibu litoke, mwambie muuguzi wa kliniki akuandikie kwenye kadi yako ya wajawazito kwamba una mtoto mwenye upungufu wa G6PD, na nitrofurantoini ukwepe. SP za kukinga malaria endelea nazo kama unavyopangiwa; hazimo kwenye orodha ya zuio, na ungekuwa umejiandikisha "mzio wa salfa" ungezikosa. Utakapojifungua, iwe Makandana, Igogwe au Meta, waambie wakunga siku hiyohiyo. Manjano yanayoanza ndani ya saa 24 za kwanza, au yanayoshuka hadi miguuni, yapimwe bila kungoja kuanika mtoto juani, kwa sababu yakizidi huharibu ubongo na tiba yake ya mwanga ipo.